Trekta Marahaba na Madumu ya Njano

Huyu ni Fausta. Ana miaka sita, ana gambuti nyekundu, na ana pengo mbele ambalo anapenda kuwaonyesha watu.

Fausta anakaa juu kule Karatu, kwenye mashamba ya mahindi na maharage. Udongo wa huko ni mwekundu. Mvua ikinyesha, udongo unakamata kiatu chako na kurudisha hautaki.

Na huyu ni Marahaba. Marahaba ni trekta.

Marahaba ni mzee. Amemzidi Fausta umri. Amemzidi hata baba yake Fausta. Zamani alikuwa wa bluu. Sasa ni bluu kidogo, kutu kidogo, na kinyesi cha kuku kidogo.

Kwa nini anaitwa Marahaba? Ngoja usikie mwenyewe.

Kila asubuhi Fausta anasimama mbele yake na kusema kwa adabu, "Shikamoo, trekta."

Bibi Agripina anawasha. Kwi… kwi… kwi…

"Ma-ra-ha-ba-ba-ba-ba-ba-ba," trekta anaitikia.

Umesikia? Trekta mwenye adabu namna hiyo humpati mjini.

Bibi Agripina ndiye dereva. Ni mama yake baba yake Fausta, na ni mfupi. Akikaa kwenye kiti cha trekta anaweka mto mgongoni, ili miguu ifike kwenye breki.

Lakini Bibi hawashi trekta hivi hivi. Kwanza anakagua.

"Mzee hasubiriwi aseme ana kiu," Bibi husema. "Unamwangalia mwenyewe."

Basi Bibi anafungua rejeta ikiwa bado ya baridi. Fausta anachungulia. "Maji yapo, Bibi."

Bibi anachomoa kijiti cha oili. Anakifuta. Anakirudisha. Anakichomoa tena. Fausta anatazama mistari miwili kwenye kijiti. "Oili ipo katikati, Bibi."

Halafu wanaimba pamoja, Bibi kwa sauti nene, Fausta kwa sauti ya kupitia kwenye pengo:

"Maji ni ya rejeta,
oili ni ya injini,
nzito ni ya gia,
nyepesi ni ya jembe,
dizeli ni ya tangi,
na chai ni ya Bibi."

Wakimaliza, Bibi anakunywa chai yake. Wimbo ni wimbo.

Sasa sikiliza habari za madumu.

Huko kwao Fausta, dumu la njano halitupwi. Mafuta ya kupikia yakiisha, dumu linabeba maji. Likichoka kubeba maji, linabeba kitu kingine. Kila nyumba ina madumu ya njano, na yote yanafanana.

Bibi aliweka vinywaji vya Marahaba kwenye madumu ya njano, ndani ya stoo. Ili asichanganye, alichana kanga kuukuu na kufunga kitambaa kwenye kila mpini.

Kitambaa chekundu, oili ya injini. Cheusi, oili nzito ya gia. Cha kijani, oili nyepesi ya kunyanyulia jembe la trekta. Cha maua, dizeli.

"Vitambaa hivi ndivyo vinavyonisomea," Bibi alisema. "Na kama hujui kilichomo, usimimine."

Wiki hiyo nyumbani kulikuwa na jambo kubwa. Shangazi Restituta alikuwa anaolewa.

Shangazi Restituta alikuwa na gauni jeupe. Alikuwa na shela nyeupe. Na alikuwa na viatu vyeupe, vyeupe kabisa, ndani ya boksi. Kila baada ya muda alifungua boksi, akavitazama, akafunga.

Kanisa liko juu ya kilima. Na mvua ilikuwa imenyesha usiku na mchana. Barabara ya kilimani ilikuwa uji.

"Gari dogo halipandi," alisema Bibi. "Restituta atakwenda na Marahaba. Tutamweka kwenye tela, na mkeka chini, na mwavuli juu."

Shangazi akacheka. Akafungua boksi. Akafunga.

Fausta alifurahi mpaka akaruka. Pwachu, kwenye tope.

"Trekta wa harusi lazima apendeze," alisema.

Alichuma maua akayabandika kwenye taa. Maua yakaanguka. Akayabandika tena. Kuku akaja akayala.

Fausta alitaka utepe. Alitafuta jikoni, hakuna. Alitafuta chini ya kitanda, hakuna. Akachungulia stoo.

Akaona kitambaa chekundu. Akaona cheusi, na cha kijani, na cha maua. Vizuri hivyo, na vimekaa gizani bure.

Akafungua kimoja. Akafungua vyote.

Akafunga chekundu kwenye usukani. Akafunga cheusi kwenye bomba la moshi. Akafunga cha kijani kwenye taa, na cha maua kwenye tela. Upepo ukavuma, vitambaa vikacheza.

Shangazi Restituta alitoka kuona. Alitaka kupiga vigelegele, lakini mdomo ulikuwa umejaa pini za nywele. Akasema tu, "Mmmm-mm-mm." Fausta akaelewa kwamba amesifiwa.

Jioni wageni wakaanza kufika. Na huko kwao mtu haendi harusini mikono mitupu.

Mmoja alileta asali, kwenye dumu la njano. Mwingine alileta mafuta ya alizeti, kwenye dumu la njano. Akina mama wa kwaya walileta togwa. Kwenye nini? Eeh, umejua mwenyewe.

Aliyepokea ni Baba mdogo Gwandu. Gwandu ni mdogo wake baba yake Fausta, na anajua kila kitu. Hata akikosea, anajua kwa nini.

Gwandu alibeba madumu yote mpaka stoo. Akayapanga pamoja na madumu ya trekta, yote mstari mmoja, kama wanafunzi asubuhi.

"Stoo ndiyo hii sasa," alisema, akajipongeza.

Bibi Agripina alikuwa uani anasukwa nywele. Upande mmoja ulikuwa umesukwa, upande mwingine ulikuwa umesimama wima.

"Fausta," Bibi aliita, "mwambie baba yako mdogo aongeze oili ya gia. Kilima cha kesho ni kikali. Dumu la kitambaa cheusi."

Fausta na Gwandu wakaingia stoo.

Njano, njano, njano. Njano, njano, njano. Hakuna kitambaa hata kimoja.

Fausta akakumbuka. Akageuka akatazama nje. Kitambaa cheusi kilikuwa kinampungia mkono kutoka kwenye bomba la moshi.

Alitaka kusema. Maneno yakakwama kwenye pengo.

"Cheusi hakipo, wala hakuna shida," alisema Gwandu. "Oili nzito naijua hata nikiwa usingizini." Akatikisa dumu moja. Blu… blu… blu… "Nzito hii. Ndiyo yenyewe."

Akaondoka nalo.

Mara akaingia Mama Ninga, mpishi wa harusi, unga mpaka kwenye viwiko. "Mafuta yangu yako wapi? Maandazi yananingoja." Akatikisa dumu jingine. Chwa-chwa-chwa. "Haya hapa."

Akaondoka nalo.

Fausta akabaki mlangoni peke yake.

Akatazama kulia. Baba mdogo Gwandu amefungua kifuniko cha gia za trekta. Ameweka faneli. Ananyanyua dumu.

Akatazama kushoto. Mama Ninga amesimama mbele ya karai. Amekunja mikono ya gauni. Ananyanyua dumu.

Fausta akavuta pumzi. Akafungua mdomo, pengo na kila kitu.

"MSIMIMINE!"

Gwandu akaganda. Mama Ninga akaganda. Jogoo aliyekuwa anataka kuwika akabadili mawazo.

"Hamjui kilichomo," Fausta alisema. "Vitambaa nimevitoa mimi. Nimempambia Marahaba."

Halafu akalia.

Bibi Agripina akanyanyuka kwenye mkeka na nywele zake za nusu kwa nusu. Akalitazama dumu la Gwandu. Akachovya kijiti ndani, akakinusa.

"Gwandu, mwanangu," alisema, "unampa trekta asali?"

"Asali si nzito?" alisema Gwandu.

Bibi akaenda kwa Mama Ninga. Akachovya kijiti kingine, akakinusa. "Na wewe, Mama Ninga, hii ni oili ya kunyanyulia jembe."

Mama Ninga akaweka dumu chini polepole. "Jamani, maandazi ya kunyanyua wageni," alisema.

Watu wote wakacheka. Fausta hakucheka.

"Bibi, asali ingeingia ingekuwaje?"

Bibi akachuchumaa ili waonane macho. "Gia zingeganda. Marahaba asingepanda kilima. Shangazi yako angekwenda kwa miguu."

Fausta akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa ameshika lile boksi la viatu, amelikumbatia kabisa.

"Nisaidie, Bibi," Fausta alinong'ona.

"Nitakusaidia. Lakini vitambaa umevitoa wewe, utavirudisha wewe. Macho unayo?"

"Ninayo."

"Pua unayo?"

Fausta akavuta kamasi. "Ninayo."

"Mdomo unao?"

"Ninao."

"Huo hautumiki. Hapa haonji mtu."

Wakatoa madumu yote uani, yakachanganyika tena; la asali tu likawekwa kando. Bibi akawa anachovya kijiti na kukisogeza karibu. Fausta akawa ananusa, kidogo tu, kwa mbali.

Dumu la kwanza. Nusa. Chachu chachu, tamu tamu. "Togwa."

Akina mama wa kwaya wakalichukua haraka wasije wakalipoteza tena.

Jingine. Nusa. Linanukia chapati. "Mafuta ya alizeti."

Mama Ninga akalikumbatia dumu lake, akakimbia jikoni.

Jingine. Nusa. Halinuki kitu. Kilichomo ni cheupe pee. "Maji."

Jingine. Nusa. Pua ikakunja. Linanuka kama kituo cha mafuta. "Dizeli, Bibi."

Jingine. Bibi hakumnusisha Fausta. "Hili anuse anayejua kila kitu."

Gwandu akainama, akavuta pumzi ndefu. Hufff.

Macho yakamtoka. Machozi yakamtoka. "Yai viza," alisema, na kukimbilia nyuma ya nyumba.

"Oili ya gia hunuka hivyo," alisema Bibi. "Lakini tuhakikishe."

Yakabaki madumu mawili. Fausta akanusa la kwanza. Oili. Akanusa la pili. Oili. Yote yana rangi ya asali changa, na kwa pua ya Fausta harufu zinafanana.

"Moja ni ya injini na moja ni ya jembe," alisema Fausta. "Sijui lipi ni lipi."

"Basi tuyashindanishe," alisema Bibi.

Akaleta ubao, akauegemeza ukutani. Juu kabisa akaweka matone, tone la kila dumu, yote kwenye mstari.

Gwandu alikuwa amerudi, pua nyekundu. Akafanya mkono wake kuwa maikrofoni.

"Wasikilizaji, matone yamekaa tayari. Bibi anaachia… na hao!"

Maji yakatelemka. Shwaa. Yamefika.

Dizeli ikafuata. Swii. Imefika.

"Hao ni wakimbiaji," alisema Gwandu. "Nyuma kuna nani?"

Nyuma kulikuwa na yale matone mawili yanayofanana. Yakaanza pamoja. Yakaenda pamoja. Halafu moja likachoka, na moja likasonga mbele. Tiri, tiri, tiri. Likafika.

"Lile lililofika ni nyepesi," alipaza sauti Fausta. "Ni ya jembe."

"Na lililochelewa?"

"Ya injini. Imekuja polepole."

Oili ya gia ikaja nyuma, ikijikokota kama mtu aliyeshiba ugali. Watu wakaipigia makofi ilipofika.

"Na asali?" aliuliza Shangazi Restituta.

Wote wakatazama juu. Asali ilikuwa bado inafikiria.

Wakasubiri. Wakasubiri. Gwandu akakosa la kutangaza. Sisimizi mmoja akaja, akaizunguka, akaenda kuita wenzake.

"Hawa ndio wanaijua asali," alisema Bibi. "Gwandu angewauliza hawa."

Fausta akacheka. Mara hii alicheka.

Halafu akaenda kwa Marahaba, akafungua vitambaa kimoja kimoja. Chekundu akakirudisha kwenye oili ya injini. Cheusi, oili nzito ya gia. Cha kijani, oili nyepesi ya jembe. Cha maua, dizeli. Akakaza mafundo mpaka ulimi ukatoka nje.

Marahaba akabaki bila pambo. Fausta akamfuta kinyesi cha kuku. Hilo nalo ni pambo.

"Mimi nilikuwa nimeleta hii," alisema Gwandu, na kutoa chupa inayong'aa. "Oili ya kisasa kutoka mjini. Tumbadilishie mzee, akimbie."

Bibi akaweka tone kwenye ubao. Likapita kama limechelewa basi.

"Hii ni ya magari ya vijana," alisema Bibi. "Marahaba amelegea humo ndani, ana nafasi nyingi. Ukimpa nyepesi hivi, inaingia huku inatokea kule."

"Ana pengo kama langu?" aliuliza Fausta.

"Kama lako. Uji mwepesi unakutokaje asubuhi?"

Fausta akajifuta kidevu. Alielewa vizuri sana.

Basi Bibi akamimina oili nzito kwenye gia. Glo, glo, glo. Fausta akashika faneli kwa mikono miwili. Wakaongeza maji kwenye rejeta. Wakachomoa kijiti, wakafuta, wakapima.

"Sasa kalale," Bibi alisema. "Nami nikasukwe upande wa pili."

Asubuhi ilifika na ukungu.

Shangazi Restituta alitoka nje. Gauni jeupe. Shela nyeupe. Viatu vyeupe. Alibebwa na wanaume mpaka kwenye tela, asiguse chini.

Gwandu alivaa shati jeupe. Bibi Agripina alivaa gauni la maua na gambuti, nywele zimekamilika pande zote.

Fausta akasimama mbele ya trekta. "Shikamoo, trekta."

Bibi akawasha. Kwi… kwi… kwi…

Kimya.

Fausta akakohoa kidogo. Huenda hakusikia. "Shikamoo, trekta."

Kwi… kwi… kwi…

Kimya tena.

Watu wakatazamana. Shangazi akaangalia kilima. Kisha akaangalia viatu vyake.

Fausta akajiuliza. Amekosea? Amefunga kitambaa kwenye dumu lisilo lake? Alifumba macho akaimba taratibu.

"Maji ni ya rejeta." Tulitia.

"Oili ni ya injini." Tulipima.

"Nzito ni ya gia." Tulimimina.

"Nyepesi ni ya jembe." Jembe leo haliji harusini.

"Dizeli ni ya…"

Fausta akafumbua macho. "Bibi, nani alitia dizeli?"

Bibi akamtazama Gwandu. Gwandu akamtazama Mama Ninga. Mama Ninga akalitazama andazi lake. Jana watu wote walikuwa wanashangilia asali.

Bibi akafungua tangi, akachungulia. "Limekauka," alisema.

Fausta akakimbia stoo. Kitambaa cha maua kilikuwa pale pale, na fundo lake limekaza. Gwandu akabeba dumu. Glo, glo, glo, glo.

"Shikamoo, trekta," alisema Fausta.

Kwi… kwi… kwi…

Kimya.

"Ahaa," alisema Bibi. "Amemeza upepo. Akiwa na njaa akala haraka, anavimbiwa kama mtoto mchanga. Tumcheulishe."

Akalegeza skrubu ndogo pembeni ya injini. Akapampu kwa kidole, taratibu. Dizeli ikatoka na mapovu. Pwi-pwi-pwi.

"Fausta, niangalizie mapovu."

"Bado yapo, Bibi."

Pwi-pwi.

"Bado."

Pwi.

"Bado moja. Limepasuka. Hakuna tena, Bibi."

Bibi akakaza skrubu, akapanda, akajiweka sawa kwenye mto wake.

Fausta akasogea mbele ya trekta. Alisema kwa adabu yote aliyokuwa nayo, "Shikamoo, mzee wetu."

Kwi… kwi… kwi…

BWEUUU.

Marahaba akacheua. Moshi mweusi ukatoka, ukazunguka, ukatua wote kwenye shati jeupe la Baba mdogo Gwandu.

"Ma-ra-ha-ba-ba-ba-ba-ba-ba-ba."

Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Shangazi akamvuta Fausta kwenye tela, akambana kifuani. "Shika shela yangu," alimwambia, "na usiiachie."

Wakaondoka. Pwachu, pwachu, pwachu. Tope liliruka kulia. Tope liliruka kushoto.

Mwanzo wa kilima waliona gari jeupe lenye maua. Lilikuwa limezama mpaka milangoni. Pembeni amesimama bwana harusi, Sulle, suti nzuri juu, tope jekundu chini.

"Mama, nisaidieni," alisema Sulle.

Bibi akasimama. "Panda. Lakini si vizuri umwone bibi harusi kabla ya kanisa."

Wakafikiri. Wakachukua mkeka wa ziada, wakamzungushia bwana harusi kama kifurushi. Wakamweka mwisho wa tela.

"Restituta, uko hapo?" uliuliza mkeka.

"Hujaniona," alisema Shangazi. "Nyamaza."

Mkeka ukanyamaza.

Sasa kilima. Kilima kikali, chekundu, kinachoteleza.

Bibi akaweka gia ndogo. Marahaba akainamisha pua. Ma… ra… ha… ba… ba… Gurudumu likateleza. Likashika. Likateleza tena.

Watu wote kwenye tela wakainama mbele ili kumsaidia. Hata mkeka ukainama.

Fausta alishika shela kwa mikono miwili. "Panda," alisema. "Panda, panda, panda."

Ma… ra… ha… ba… ba-ba-ba-ba.

Akapanda.

Mbele ya kanisa wakatandika mkeka mpaka kwenye ngazi. Ilibidi kwanza wamtoe bwana harusi ndani yake na kumwambia ageukie ukuta.

Shangazi Restituta akashuka. Mguu mmoja. Mguu wa pili. Akanyanyua gauni kidogo, akatazama chini.

Viatu vilikuwa vyeupe. Vyeupe kabisa.

Aliinama kwenye sikio la Fausta. "Umenifikisha," alinong'ona.

Fausta akatabasamu, na pengo lake lote likaonekana na mchungaji, na kwaya, na bwana harusi aliyekuwa anachungulia.

Harusi ilikuwa nzuri. Togwa ilikuwa togwa. Maandazi yalikuwa maandazi. Kila mtu alicheza, na Gwandu alieleza watu kwamba shati lake ni la mtindo mpya.

Jioni Bibi akarudisha trekta nyumbani, akamzima. Nje kukawa kimya. Vyura wakaanza.

Fausta alijilaza kitandani. "Bibi, Marahaba amelala?"

"Amelala."

"Ana kiu?"

"Sasa hivi ni wa moto, hafunguliwi. Tutamwangalia kesho."

"Na Shangazi amelala?"

"Shangazi yuko kwake sasa. Anafurahi."

Fausta akafikiri kidogo. "Na mimi nilale?"

"Wewe osha miguu kwanza."



Bibi akageuka. Fausta alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, gambuti miguuni, tope mpaka magotini.

Bibi Agripina akashusha pumzi. Akaenda kuleta maji ya uvuguvugu kwenye beseni.

Akavuta gambuti moja. Pluk. Akavuta ya pili. Pluk.

Akaosha miguu midogo, kidole kimoja kimoja, polepole, asimwamshe fundi wake.

Na sisi je? Hebu tuone miguu yetu. Misafi. Basi tuzime taa.